Kabla ya kuomba mashine ya MRI

Nilipokabidhiwa kuanzisha utafiti wa picha za ubongo katika chuo chetu cha tiba, mwezi wa kwanza wote niliumalizia kwenye andiko la kuomba mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, yenye nguvu ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Laiti ningeutumia wodini.

Tazama Blantyre, Malawi. Dkt. Terrie Taylor, mtafiti wa malaria, na wenzake walifungiwa MRI mwaka 2008, ya Tesla 0.35 tu. Lakini swali walikuwa nalo siku nyingi: mtoto mwenye malaria ya ubongo huuawa na nini hasa? Mwaka 2015 walichapisha jibu. Kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walilazwa ubongo ukiwa tayari umevimba vibaya. Mashine ndogo, swali kubwa.

Kwa hiyo anza na ugonjwa unaojaza wodi zako: seli mundu, kifafa, kiharusi. Mashine azima. Sisi tuliomba saa za Jumamosi mchana hospitalini, na tuliyaandika makubaliano, maana ahadi ya mdomo huyeyuka foleni ikirefuka. Radiografa, yule anayeiendesha mashine, mwingize kwenye timu tangu siku ya kwanza, jina lake liwemo kwenye makala. Ni yeye aliyetufundisha kuwazoesha watoto: boksi refu la katoni na ile ngurumo ya mashine tuliyoirekodi kwenye simu. Baada ya hapo picha zenye ukungu zikapungua mno.

Jambo lililotuumiza zaidi ni hili. Fundi alisasisha programu ya mashine, hatukuambiwa. Picha za kabla na za baada hazikulinganishika tena, na kazi ya miezi mingi ikabaki nusu. Tangu hapo kila wiki tunapiga picha ya fantomu, lile tufe la plastiki lenye maji, na vipimo vyake tunaviandika daftarini.

Halafu kuna watu wasio wagonjwa tunaowaalika kwa ajili ya kulinganisha. Mmoja wao, kijana aliyekuja mzima akitabasamu, tulimkuta na uvimbe kichwani. Hatukuwa tumepanga nani amwambie, wala apelekwe wapi. Siku tisa zilipita kabla hajaonwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, na kila siku mama yake alinipigia. Jina la daktari huyo liwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hujamlaza mtu wa kwanza.