Ufilipino hawakudai viza, wanakudai tiketi ya kuondokea

Juzi msomaji kaniandikia inboksi: "Dada, si ulisema Mtanzania haombi viza Ufilipino? Mbona shoga yangu kaachwa na ndege hapa Dar?" Nikacheka, halafu kicheko kikakata. Na mimi yalinikuta, ila niliona aibu kuwasimulia.

Ni kweli, tunaingia bila viza kwa siku 30. Ila bila tiketi ya kutoka ndani ya siku hizo, huvuki hata kaunta. Mimi nilikuwa na ya kwenda Manila tu. Nilijiona mjanja: nitazunguka visiwani, nikichoka nakata ya bei poa kwenda Kuala Lumpur. Kaka wa kaunta akapekua pasipoti, akabonyezabonyeza kompyuta. "Ya kutokea iko wapi, dada?" Nikamwonyesha hoteli. Nikamwonyesha salio la benki. "Mfumo unakataa." Sanduku likashushwa kwenye mizani mbele za watu. Kijana wa Kizungu foleni ya pili naye aliulizwa hivyo hivyo, sikatai, lakini lililokaa sakafuni lilikuwa sanduku langu.

Nikakata Manila–Kuala Lumpur kwa simu, nimechuchumaa hapo hapo, laki nne na ushee. Ile namba ya siri ya benki ya kuthibitisha malipo ilichukua dakika kumi na moja kufika. Nilizihesabu. Kaunta inakaribia kufungwa, mama mmoja ananiambia nisali.

Mhudumu msimchukie. Anasoma Timatic, mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wenye masharti ya kila nchi. Ukikataliwa uhamiaji kule, shirika lake ndilo linalokurudisha, na faini linaweza kupigwa. Ndiyo maana afisa wa Manila anaweza asiulize kabisa, mhudumu wa Dar akakukomalia.

Sasa nisikilizeni. Kateni tiketi ya kuondoka kabla hamjafunga sanduku. Tarehe iwe ndani ya siku 30, pasipoti iwe na miezi sita mbele. Ukitaka inayorudishwa pesa, soma masharti: kubadilisha tarehe si kurudishiwa hela. Na hao wa "nikutengenezee tiketi kwa elfu thelathini" waacheni, namba ya bukingi inakaguliwa. Nimeshasema mkate mapema? Narudia, maana hamsikii.

Mwezi uliopita nimekwenda tena, safari hii Cebu. Nikaiweka karatasi kaunta kabla sijaulizwa. Dada wa zamu akaisogeza pembeni bila kuiangalia. Nikamwambia, "Iangalie."