Jibu: Panya majike hawaingii joto

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kwa nini panya wako wadogo weupe wa maabara, majike kumi kizimba kimoja bila dume, wamepoteza mzunguko wa siku 4 hadi 5. Huko kukusanyika ndiko kunakowazuia. Mkojo wa dume una harufu inayoamsha LH, homoni inayofanya yai litoke. Jike akiikosa katikati ya majike wenzake, mzunguko hurefuka au husimama.

Wagawe wawili wawili. Chukua gao la matandiko machafu ya dume, tia kila kizimba. Wengi wataingia joto usiku wa tatu. Usiku huo mpeleke jike kwa dume, si dume kwa jike. Asubuhi mapema tazama kizibo cheupe ukeni, yaani shahawa zilizoganda zinazoonyesha amepandwa, maana hudondoka.

Taa nayo izime usiku, tafadhali. Mkupuo wa LH hufuata saa ya ubongo inayopangwa na mwanga, na yai hutoka baada ya muda wa saa 12 hivi. Pemba mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, kwa hiyo dirisha linatosha.

Ukikagua seli za uke kwa hadubini, tumia mikrolita 20 za maji ya chumvi ya 0.9%, pipeti iishie mdomoni mwa uke. Ukiizamisha unasugua mlango wa kizazi, prolaktini, homoni inayoutunza ujauzito, hupanda, na jike hupata mimba ya uongo. Seli bapa zisizo na kiini ni joto. Chembe nyeupe za damu tele, bado.

Akishapandwa, asikutane na dume mgeni siku 4 za mwanzo. Harufu yake yaweza kuharibu mimba.