Isome Kanuni Kabla ya Kuuchora Mpaka: Ushauri kwa Wanaotumia Data za Sensa ya Marekani

Watu wengi wanaoniomba msaada wa kuchora ramani ya maeneo ya mijini ya Marekani huanza kwa kupakua faili ya mipaka ya manispaa, wakiamini kwamba mji unaishia pale mamlaka ya serikali yake inapoishia. Ushauri wangu wa kwanza, ambao ninaushikilia kuliko mwingine wowote, ni kwamba wasifungue programu ya ramani kabla hawajaisoma kanuni iliyouzaa mpaka wanaoutafuta. Eneo la mjini katika sensa si halmashauri wala kaunti. Halina meya, halitozi kodi, na wakazi wake hawakulipigia kura. Ni matokeo ya hesabu: Ofisi ya Sensa ya Marekani huchukua vitalu vya sensa (vipande vidogo kabisa vya ardhi ambavyo takwimu za sensa hutolewa kwavyo) vyenye nyumba nyingi vinavyopakana, huviunganisha kwa masharti yaliyotangazwa hadharani, na mstari unaouzunguka mkusanyiko huo ndio unaoitwa mpaka. Asiyeijua hesabu hiyo anaweza kuuchora mstari vizuri kabisa na bado akaueleza vibaya.

Kanuni inayohusu sensa ya 2020 ilichapishwa Machi 2022, na orodha ya maeneo yenyewe ikatolewa mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Kiini cha kwanza hujengwa kwa vitalu vyenye nyumba zisizopungua 425 kwa maili ya mraba. Baada ya hapo huongezwa vitalu jirani vyenye nyumba zisizopungua 200 kwa maili ya mraba, na ndani ya mkusanyiko wote sharti ipatikane sehemu iliyosongamana zaidi, inayofikia nyumba 1,275 kwa maili ya mraba. Mkusanyiko ukifikisha nyumba 2,000 au watu 5,000 huitwa eneo la mjini. Usipofikisha, ardhi yake yote huhesabiwa kuwa ya vijijini. Vilevile kuna masharti ya kuviunganisha vipande vilivyotenganishwa na ardhi yenye nyumba chache, na masharti ya kuingiza ardhi iliyofunikwa kwa lami, zege na mapaa, kama vile viwanda na maduka makubwa, ambako hakuna mtu anayelala lakini hakuna pia awezaye kusema ni shamba. Ndiyo maana ukitazama ramani iliyokamilika utaona vitalu visivyo na mkazi hata mmoja vikiwa ndani ya mji, na hilo ni sahihi. Usiviondoe kwa kudhani kwamba data zimekosewa.

Ningependa kukaa kidogo kwenye suala la nyumba, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Katika sensa ya 2010 kipimo kilikuwa idadi ya watu: watu 1,000 kwa maili ya mraba kwa kiini, na 500 kwa vitalu vya kuongezea. Mwaka 2020 kipimo kikawa nyumba, kwa maana ya makao ya kaya moja, yawe na watu au yawe matupu, hivi kwamba jengo lenye fleti 40 huhesabiwa kuwa nyumba 40. Matokeo yake ni kwamba miji ya mapumziko, yenye nyumba nyingi zinazokaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, inaweza kuonekana mikubwa kuliko idadi ya wakazi wake inavyoashiria. Hata hivyo mimi ninaukubali uamuzi huo kwa sababu ya ubora wa data. Ili kulinda siri za waliohesabiwa, Ofisi ya Sensa ilitia mabadiliko madogo ya kinasibu katika idadi ya watu iliyochapishwa kwa ngazi zote zilizo chini ya jimbo, na athari yake huonekana zaidi katika kitalu kimoja kimoja. Idadi ya nyumba katika kila kitalu, kinyume chake, ilichapishwa kama ilivyohesabiwa. Kwa hiyo msongamano wa nyumba wa kitalu kimoja una maana, ilhali msongamano wa watu wa kitalu kimoja haufai kutegemewa hadi ujumlishwe na wa vitalu vingi. Ukikutana na kitalu chenye wakazi kadhaa lakini kisicho na nyumba yoyote, usipoteze muda kutafuta maelezo ya kitalu hicho; jumlisha eneo lote ndipo usome takwimu.

Hesabu yenyewe si ngumu, lakini inadai uangalifu wa vipimo. Faili za vitalu za TIGER/Line, yaani faili za mipaka za Ofisi ya Sensa, huonyesha eneo la nchi kavu katika safu iitwayo ALAND na eneo la maji katika AWATER, zote kwa mita za mraba, ilhali kanuni imeandikwa kwa maili za mraba. Maili moja ya mraba ni takriban mita za mraba 2,589,988. Chukua kitalu chenye nchi kavu ya mita za mraba 51,800, yaani maili za mraba 0.02. Kikiwa na nyumba 9, msongamano wake ni 450, nacho kinaingia katika kiini. Kikiwa na nyumba 8, msongamano ni 400, na kitaingia baadaye tu, kama jirani wa kiini, iwapo kweli kinakigusa. Nyumba moja tu imebadilisha hatua ambayo kitalu kinaingilia, na hapo ndipo unapoona kwa nini kitalu cha pembezoni hakipaswi kujadiliwa kana kwamba mpaka umechongwa kwenye jiwe. Sasa tuseme kitalu hichohicho kiko kando ya ziwa, na mchoraji amegawanya idadi ya nyumba kwa eneo lote pamoja na maji: msongamano utashuka, ukingo wote wa ziwa utatoka nje ya mji, na ramani itawaonyesha watu wanaoishi ufukweni kuwa ni wanakijiji. Gawanya kwa ALAND peke yake. Na kwa kuwa vipo vitalu ambavyo ni maji matupu, vyenye ALAND ya sufuri, vitenge kabla ya kugawanya, la sivyo programu itakurudishia kosa au thamani isiyo na maana.

Kitambulisho cha kitalu kina tarakimu 15: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za trakti (kundi la vitalu ndani ya kaunti) na nne za kitalu chenyewe. Kihifadhi kama maandishi, kamwe si kama namba. Programu za majedwali hupenda kufuta sufuri ya mwanzo, na majimbo ambayo misimbo yake huanza na sufuri, kama Alabama iliyo 01 na California iliyo 06, hubaki na tarakimu 14 ambazo hazioani na chochote unapoliunganisha jedwali la takwimu na faili ya mipaka. Dalili yake ni rahisi kuitambua: majimbo kadhaa yanatoka meupe kwenye ramani huku mengine yakiwa na rangi zake kamili. Connecticut ina jambo lake la pekee, kwa kuwa mwaka 2022 maeneo 9 ya mipango yalichukua nafasi ya kaunti 8 katika data za Ofisi ya Sensa, hivyo misimbo ya kaunti katika faili za karibuni hailingani na ile ya jedwali la 2020.

Kuhusu projeksheni, yaani njia ya kuutandaza uso wa dunia kwenye ramani bapa, nitasema machache. Faili za TIGER/Line zinakuja katika longitudo na latitudo za NAD83 (mfumo wa kutaja mahali unaotumika Amerika Kaskazini), na eneo lililopigwa kwa digrii halina maana yoyote. Kwa majimbo 48 yaliyoungana tumia projeksheni ya Albers inayohifadhi ukubwa wa eneo, kisha itafutie Alaska na Hawaii projeksheni zao.

Jambo linalohitaji uamuzi zaidi ni uchaguzi wa faili. Mipaka ya TIGER/Line ni ya kina na huingia majini, kwa kuwa mamlaka za kisheria nazo huingia majini. Faili nyingine za mipaka, zilizorahisishwa kwa ajili ya kuchapisha ramani, zimekatwa kufuata ufuo. Kwa vipimo na kwa kuunganisha vitalu mimi hutumia za kwanza daima, na za pili huzitumia kwa ramani ya mwisho itakayoonekana na msomaji. Kuzichanganya katika hesabu moja huzaa vipande vyembamba kama nyuzi kati ya poligoni, na kuvisafisha huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kwa kuwa vitalu hupakuliwa jimbo kwa jimbo, wengi pia hukamilisha jimbo moja ndipo waende la pili, lakini eneo la mjini la Chicago linaingia Indiana, la Philadelphia linagusa majimbo manne, na Kansas City imekaa pande zote mbili za mstari wa Missouri na Kansas. Unganisha kwanza vitalu vya majimbo yanayopakana, ndipo utafute mikusanyiko.

Ukimaliza, jipime. Faili za vitalu zilizotolewa baada ya orodha ya Desemba 2022 zina safu ya UACE20, inayotaja msimbo wa eneo la mjini ambamo kila kitalu kimewekwa. Viunganishe vitalu kwa safu hiyo, weka matokeo juu ya mpaka uliochapishwa na juu ya ule uliojenga kwa hesabu yako, kisha tazama vinapotofautiana. Tofauti nyingi zitakuwa kwenye vipande vilivyounganishwa kwa umbali, kwenye viwanja vya ndege na kwenye matundu yaliyozibwa katikati ya mji, na kila moja itakurudisha kwenye sharti fulani la kanuni. Sijapata njia bora kuliko hii ya kuielewa kanuni hiyo kwa undani.

Nimeweka mwisho suala la kulinganisha miaka kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa linapofanywa kwa haraka. Mwaka 2010, 80.7% ya Wamarekani walihesabiwa kuwa wakazi wa mijini, na mwaka 2020 wakawa 80.0%. Nimewahi kusoma taarifa iliyoieleza tofauti hiyo kuwa ni watu kurejea vijijini, jambo linalonisikitisha kwa sababu katika miaka hiyohiyo idadi ya wakazi wa mijini iliongezeka kwa 6.4%. Kilichobadilika zaidi ni kanuni. Kiwango cha chini kilipanda kutoka watu 2,500 hadi watu 5,000 au nyumba 2,000, na umbali wa juu kabisa wa kuunganisha vipande ukapunguzwa kutoka maili 2.5 hadi maili 1.5, hivyo miji midogo mingi ilihamia upande wa vijijini bila mkazi wake yeyote kuhama. Anayetaka kujua jinsi mji ulivyokua achague kanuni moja na kuitumia kwa vitalu vya miaka yote miwili. Na kwa kuwa vitalu vyenyewe huchorwa upya kila sensa, atahitaji faili za uhusiano za Ofisi ya Sensa, zinazoonyesha ni kiasi gani cha kitalu cha 2010 kimeangukia katika kila kitalu cha 2020, ili agawanye nyumba za kitalu cha zamani kwa uwiano wa eneo. Mgawanyo huo ni makadirio, nao huwa dhaifu zaidi katika vitalu vikubwa vya pembezoni, ambako nyumba zote zinaweza kuwa zimejipanga kando ya barabara moja na sehemu iliyobaki ikawa msitu; huko fungua picha ya setilaiti, tazama nyumba ziko upande gani, na uandike katika maelezo ya ramani vitalu ulivyovigawa kwa kutazama picha.