Mtetemo wa padi: uwashe au uzime? Kwa mnaoanza kazi ya vibanda vya gemu

Mdogo wangu unayekabidhiwa kibanda cha gemu hapa Lamu, swali hili utaulizwa na wateja kabla hujajua hata majina yao: huu mtetemo wa padi, kile kidude cha vitufe unachoshika mikononi kuchezea gemu, una faida, au ni mbwembwe za kumaliza chaji tu? Mimi huwajibu hivi: una faida pale unapompa mchezaji habari ambayo macho na masikio yake yameikosa. Padi ikitetemeka kwa kila jambo, hiyo ni kelele, ila ni kelele ya mikononi.

Na hapa kwetu masikio hukosa mengi. Vichochoro vya Langoni unavijua. Ukuta wa kibanda ndio ukuta wa chumba cha jirani. Televisheni nne zikiwa chumba kimoja huwezi kuzifungulia sauti zote, na ikikaribia adhana zote zinanyamazishwa. Hapo ndipo mkono unapofanya kazi ya sikio. Mtu anayecheza peke yake sebuleni, spika kubwa pande zote, hataona tofauti kama atakayoiona mteja wako, kwa hiyo wanaosifu au kuponda mtetemo wakiwa kwenye hali hiyo wasikize nusu nusu. Nina mteja asiyesikia kabisa, bingwa wa mbio za magari. Gari likitoka lami kuingia kwenye nyasi, viganja ndivyo vinavyomwambia. Padi ya mtu kama huyo usiizime kwa ajili ya kuokoa betri.

Lakini mitetemo haifanani, na hili ndilo wageni wa kazi huchelewa kulielewa. Mwaka 1997 Nintendo walitoa Rumble Pak, kidude cha kuchomeka kwenye padi ya Nintendo 64 chenye betri zake mbili za AAA. Mwaka huohuo Sony wakatoa DualShock, padi ya PlayStation, kule Japani, mota mbili ndani kwa ndani. Muundo huo wa mota mbili ndio uliofika mpaka PS4, yaani PlayStation ya nne. Fungua padi ya PS4, skrubu nne tu za nyuma, utaziona ndani ya mashikio. Kila mota ina kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja wa ekseli, na kwa kuwa uzito hauko katikati, kikizunguka padi nzima inatikisika. Cha kushoto ni kizito, hutoa mtikisiko mnene. Cha kulia ni chepesi, hutoa mtetemo mwembamba wa haraka.

Udhaifu wake ni kwamba kasi na nguvu zimefungwa pamoja: ukitaka mtetemo hafifu, lazima chuma kizunguke polepole. Tena chuma huchukua muda kushika kasi, na huchukua muda kusimama. Mpira umeshatoka mguuni, kiganja bado kinatikisika.

DualSense, padi ya PS5 iliyotoka 2020, haina chuma cha kuzunguka. Ina koili inayokwenda mbele na nyuma kwenye sumaku, kama ile ya spika, na huanza na kukoma papo hapo. Mteja akikwambia mitetemo yote ni sawa, usibishane naye. Mfungulie Astro's Playroom, gemu inayokuja ndani ya PS5 bila malipo, umwache atembee mchangani kisha kwenye chuma huku ameangalia pembeni. Halafu kuna R2 na L2, vitufe vya vidole vya shahada kulia na kushoto, zenye mota ya kukaza kitufe. Kwenye Gran Turismo 7 ya mwaka 2022, gemu ya mbio za magari, ukifunga breki kwa pupa L2 hupapatika kidoleni, ujue breki za ABS, zile zinazozuia tairi kujifunga, zinafanya kazi. Kwenye Returnal, gemu ya kupiga risasi, L2 ikibonyezwa nusu unalenga, ukiisukuma kupita pale inapokaza unapata silaha ya pili. Hiyo ndiyo habari ninayoisema. Nahodha haangalii maji kila saa. Mkondo anausikia kwenye mkono wa usukani.

Sasa nikwambie na upande wa pili, kwa sababu wateja wako wengi watakuwa watu wa mpira. Kwenye mpira mtetemo unaongeza kidogo sana. Vijana wakali huuzima, na wana haki: kidole gumba kinataka utulivu kwenye stiki, na penalti haitaki mikono inayotikiswa. Gemu za kulenga shabaha ni hivyohivyo. Kabla ya mechi ya kuwekeana soda, waulize wote wawili, na uhakikishe padi mbili ni za aina moja. Padi halisi kwa mmoja na bandia kwa mwenzake ni ugomvi uliokwisha kuanza, maana nyingi za bandia nilizofungua mota zake hujua kutetemeka kwa nguvu zote au kunyamaza, basi.

Kwenye matengenezo, anza na mipangilio. Padi nyingi zinazoletwa kwamba "zimekufa mtetemo" zimezimwa tu. PS4 ina sehemu ya vifaa ndani ya mipangilio, na gemu nyingi zina swichi yake ya pili. Angalia zote mbili. Kwenye PS5 unaweza pia kupunguza nguvu badala ya kuzima, na mimi huiacha ya wastani. Ikiwa mipangilio ni sawa, sikiliza. Mota ikivuma bila padi kutikisika, chuma kimechomoka kwenye ekseli. Ikigongagonga, imetoka kwenye kitako chake. Ikiwa kimya kabisa, tazama pale waya zinapolehemiwa kwenye bodi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na msimu wa kusi utakuta kutu ya kijani hapo. Isafishe kwa spiriti na brashi ya meno, kisha uchome lehemu upya.

Halafu kuna padi za PS3, ambazo bado zinaletwa. Mashine hiyo ilitoka 2006 na padi iitwayo SIXAXIS, isiyo na mtetemo, wakati Sony wako mahakamani na kampuni ya Immersion kuhusu hataza za teknolojia hiyo. Walipatana 2007, ndipo DualShock 3 ikaja na mota zake. Kwa hiyo mteja akileta padi ya PS3 nyepesi mkononi, soma maandishi ya juu kabla ya kutaja bei. Kama imeandikwa SIXAXIS bila DUALSHOCK 3, mle ndani hamna mota ya kutengeneza.