Bango lako la mwaka 1415

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Malindi. Sote wazima, na shangazi yako amesharudi Lamu. Unaniuliza katika mwaka 1415 ni tukio gani lililo kubwa kuliko yote, ili uliweke katikati ya bango la wanafunzi wako. Nitakujibu, lakini nimeiona orodha uliyonitumia na hakuna hata tarehe moja iliyotajiwa kalenda yake. Tarehe haiandikwi bila kalenda yake, mama. Nimelisema hili tangu ukiwa darasa la nne.

Chukua Ceuta. Wareno waliuteka mji huo wa Morocco tarehe 21 Agosti 1415, kwa siku moja tu, mfalme João wa Kwanza akiwa na wanawe Duarte, Pedro na Henrique. Mama yao, malkia Philippa, alikuwa amefariki kwa tauni tarehe 19 Julai, na merikebu zikang'oa nanga msiba ukiwa bado mbichi. Sasa mwanafunzi wako akikutana na hati ya Kireno ya siku zile, ataona mwaka ni 1453. Karani hakukosea. Ureno ilihesabu kwa kalenda ya kale iliyotangulia hesabu ya Kikristo kwa miaka 38, na haikuiacha mpaka 1422. Usipotoa hiyo 38, Ceuta itaangukia mwaka ule ule ambao Waturuki waliteka Konstantinopoli, na bango zima litakuwa limeharibika.

Uingereza nako mwaka wa makaratasi ulianza 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari 1415 imeandikwa 1414. Vita vya Agincourt, Waingereza walipowashinda Wafaransa 25 Oktoba, havina tatizo hilo. Ila ukivitoa kwenye kalenda ya Julian ya zama zile na kuvipeleka kwenye kalenda tunayotumia leo unaongeza siku tisa, vinakuwa 3 Novemba. Usiongeze. Waachie 25 Oktoba kama wanavyoandika wanahistoria wote, kwani ukiongeza kwa tukio moja itakubidi uongeze kwa yote, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Kwa Hijria, kanuni ni ile ile niliyokufundisha: toa 622, kisha gawa kwa 0.97. 1415 ukitoa 622 inabaki 793, na ukigawa unapata 817 na nusu. Nusu hiyo ndiyo inayokuambia kwamba mwaka mmoja wa Kikristo umekanyaga miaka miwili ya Hijria: 817 iliisha katikati ya Machi, ikaingia 818. Tarehe yenye siku na mwezi usiipitishe kwenye kanuni hii, tafuta jedwali. Na hata jedwali linaweza kupishana siku moja, kwa kuwa mwezi ulitegemea kuandama na siku ilianza magharibi.

Wewe unajua kwa nini nang'ang'ana hivi. Babu yako alipokuandika kwenye daftari lake aliandika “Rajabu 1415”, kwa wino mweusi na hati yake ile nzuri, chini ya jina la kaka yako. Rajabu 1415 ni Desemba 1994, hapana shaka. Zidisha mwenyewe: 1415 mara 0.97, ongeza 622. Lakini karani wa ofisi tuliyokwenda kutafuta cheti akamwambia mbele ya watu kwamba mzee hajui kuhesabu miaka. Mzee aliyekuwa akitoa tarehe za mirathi ya mtaa mzima! Alilikunja daftari lake, hakujibu neno. Na waliozaliwa baada yako hawamo humo, umeona mwenyewe. Pengine karani hakufundishwa, nami nisimlaumu. Lakini kuuliza “kalenda ipi?” kungemgharimu nini?

Haya, swali lako. Watakaokushauri uweke Agincourt wana hoja. Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, alikuwa amepoteza watu wengi kwa kuhara damu alipoizingira Harfleur, bandari ya Ufaransa, akaondoka 8 Oktoba kuelekea Calais na jeshi lililochoka. Wafaransa walikuwa wengi zaidi, ila uwanja ulikuwa shamba lililotoka kulimwa na mvua ilikuwa imenyesha. Watu wenye deraya nzito wakasongana topeni kati ya misitu miwili, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele. Eleza tope hilo, ndilo watoto watakalokumbuka.

Mimi ningekawia zaidi mjini Konstanz, ulikokuwa mtaguso wa Kanisa Katoliki. Tarehe 15 Aprili alifia huko Manuel Chrysoloras, aliyewafundisha Waitaliano Kigiriki. 29 Mei mtaguso ukamwondoa Yohane aliyejiita Papa, 4 Julai Papa Gregori wa 12 akajiuzulu, na siku mbili baadaye wakamchoma moto Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, aliyekuja na hati ya usalama ya mfalme Sigismund mkononi. Majivu yake walimwaga mtoni Rhine. Kwenye safu ya waliozaliwa mwandike Frederick wa Tatu, aliyekuja kuwa Kaizari, Innsbruck, 21 Septemba. Sultani Sa'd ad-Din wa Ifat, aliyeuawa Zeila kwenye pwani ya Somalia, mpe alama ya kuuliza, kwani wengine wanamweka 1403.

Na twiga je? Mwaka huo huo, wa 13 wa utawala wa Yongle, wajumbe wa mji wetu huu walimpelekea mfalme wa China twiga. Wachina wakamwona ni qilin, mnyama wa baraka wa visa vyao vya kale, na mfalme akatoka mwenyewe hadi langoni kumpokea. Fikiria mnyama wa urefu ule akivuka bahari ndani ya jahazi. Kila nikipita ufukweni jambo hili hunifurahisha upya.

Agosti, Wareno wanakanyaga Afrika upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka huo huo Malindi inatuma zawadi mashariki, haina habari nao. Miaka 83 baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama akatia nanga hapa. Kwa hiyo Ceuta ndiyo kubwa? Nilitaka kusema ndiyo. Lakini hapo ninaupima mwaka kwa yaliyokuja baadaye, na mtu wa Malindi wa 1415 angenishangaa. Kwake yeye kubwa lilikuwa twiga. Basi siamui, ingawa mkono unaniwasha. Ziweke zote mbili katikati, ubavu kwa ubavu, watoto wabishane.

Jambo moja usilikosee. Picha uliyoichagua, yule twiga wa Kichina mwenye madoa yaliyopangwa kama vigae, na mtu ameshika kamba, siye wa Malindi. Huyo aliletwa kutoka Bengal mwaka mmoja kabla, na maandishi ya mwandishi wa hati Shen Du juu ya mchoro yanataja mwaka wa 12 wa Yongle. Naye lazima alitoka Afrika, maana twiga hawapatikani kwingine, kwa hiyo mtundike tu. Ila chini yake andika 1414.

Mama yako