Maswali na Majibu: Wanyama Tisa na Miungu ya Kale ya Skyrim

Ndani ya mchezo wa kompyuta wa Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwezi Novemba mwaka 2011, mchezaji huokota kitabu kidogo kiitwacho The Dragon War. Kitabu hicho kinasimulia kwamba Wanord wa kale, watu wa kaskazini katika mchezo huo, walipofika bara la Tamriel wakiongozwa na shujaa wao Ysgramor, walikuja na imani ya kuabudu wanyama tisa: kipanga, mbwa mwitu, nyoka, nondo, bundi, nyangumi, dubu, mbweha na joka. Kinaongeza kwamba baadhi ya wanazuoni wanaamini kuwa wanyama hao walikuwa miungu ile ile inayojulikana leo, ila kwa sura nyingine. Hakisemi ni mnyama yupi wa mungu yupi. Mgawo uliozoeleka miongoni mwa wachezaji humpa Kyne kipanga, Mara mbwa mwitu, Orkey nyoka, Dibella nondo, Jhunal bundi, Stuhn nyangumi, Tsun dubu, Shor mbweha na Alduin joka. Maswali yote ya safari hii yanahusu mgawo huo.

Swali: Mbali na kitabu hicho, je, kuna mahali mchezaji anaweza kuwaona wanyama hawa kwa macho yake? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Wapo wengi, na huenda umewapita bila kuwatazama. Katika kaburi la kale la Bleak Falls Barrow, ambalo karibu kila mchezaji huliingia mapema, kuna nguzo tatu zinazozungushwa, kila moja ikiwa na michoro ya kipanga, nyoka na nyangumi. Lango halifunguki mpaka nguzo zipangwe nyoka, nyoka, nyangumi, sawasawa na vichwa vya mawe vilivyowekwa ukutani, na kichwa cha katikati kimeanguka sakafuni, hivyo asiyeinamisha macho hatakiona. Ndani zaidi kuna mlango wa duara tatu unaofunguliwa kwa ukucha wa dhahabu. Ukiugeuza ukucha huo mkononi utaona kiganjani mwake dubu, nondo na bundi. Hapo tayari umekutana na wanyama sita kati ya tisa, na mbweha, mbwa mwitu na joka wanapatikana kwenye milango ya makaburi mengine.

Napenda kutahadharisha jambo moja, kwa kuwa nimeona hoja nyingi zikijengwa juu yake. Ukucha wa almasi, unaofungua njia katika hekalu la Skuldafn kuelekea Sovngarde, pepo ya mashujaa wa Wanord, una mbweha, nondo na joka. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba mbweha wa Shor na joka wa Alduin wamewekwa hapo makusudi, kwa kuwa Sovngarde ni makao ya Shor na Alduin ndiye anayekula roho za wafu huko. Hoja hiyo inavutia, lakini ukucha wa kaburi la Korvanjund una wanyama hao hao kwa mpangilio huo huo, na Korvanjund haina uhusiano wowote na Sovngarde. Michoro ya milangoni inathibitisha kwamba wanyama hawa walitukuzwa, wala haithibitishi mnyama yupi ni wa nani. Kwa hilo inatubidi tutazame matendo ya miungu yenyewe katika masimulizi yao.

Swali: Kwetu bundi ni ndege wa uchuro, akilia juu ya paa watu huanza kuwaza msiba. Inakuwaje apewe mungu wa elimu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Watunzi wa mchezo huu wamechota katika mapokeo ya Ulaya, na huko bundi alihusishwa na hekima tangu zamani za Wagiriki. Alikuwa ndege wa mungu wa kike Athena, na sarafu za fedha za mji wa Athens zilichapwa sura ya Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Jhunal ni mungu wa herufi za kale na wa elimu ya siri, kwa hiyo bundi alimfuata kwa urahisi.

Hata hivyo, swali lako limegusa jambo zito kuliko unavyodhani. Masimulizi ya mchezo yanasema kwamba Jhunal alipoteza kibali mbele ya miungu wenzake wa Wanord, akahamia kwa watu wa Dola, himaya inayoitawala nchi ya Skyrim, na kuitwa Julianos. Wanord wa wakati wa Skyrim ni watu wanaoutilia mashaka uchawi, na chuo cha uchawi cha mji wa Winterhold kinatazamwa kwa jicho baya tangu sehemu kubwa ya mji huo iporomokee baharini. Ndege mwenye elimu ambaye watu wake wenyewe wanamkwepa ni picha ambayo msomaji wa pwani anaielewa haraka kuliko Mgiriki. Kwangu mimi huu ni mmoja wa migawo iliyotulia kabisa.

Swali: Ndugu mwandishi, Mara ni mungu wa upendo na ndoa. Mbwa mwitu anamhusu nini? Je, si mnyama wa wale Companions, kundi la wapiganaji wa mji wa Whiterun? (Msomaji, Eldoret)

Jibu: Mambo mawili yamechanganyika hapa. Viongozi wa Companions hugeuka mbwa mwitu kwa sababu ya mapatano ya zamani na wachawi wa Glenmoril, na damu hiyo ni mali ya Hircine, mwenye uwindaji, ambaye si mmoja wa miungu ya kale ya Wanord. Mnyama wao ni laana, na baadhi yao wanatafuta namna ya kuiondoa kabla ya kufa, wasije wakaishia katika viwanja vya uwindaji vya Hircine badala ya Sovngarde.

Mbwa mwitu wa Mara ni habari nyingine. Kwa Wanord, Mara ni mungu mama na mtumishi wa Kyne, na picha inayomfaa ni ya jike anayelea watoto wake ndani ya kundi ambalo limeshikamana. Mbwa mwitu huishi kifamilia, dume na jike wakiwinda na kulea pamoja, na wakubwa wakisaidia kuwatunza wadogo. Anayemjua mnyama huyu kwa meno yake tu ataona mgawo huu ni wa ajabu.

Swali: Kama Kyne ni wa kipanga, mbona katika majaribio yake matakatifu hatupambani na kipanga? (Msomaji, Kigali)

Jibu: Mzee Froki humtuma mchezaji kupambana na roho za wanyama walinzi, akianza na mbwa mwitu, kaa na panya mkubwa, kisha dubu, mamothi na paka mwenye meno marefu, na mwisho jitu la troli. Wote hao ni wanyama wa nchi kavu au wa ufukweni. Kyne ni mungu wa anga na dhoruba, na Wanord husema kwamba wao wenyewe waliumbwa pale anga lilipoipulizia nchi pumzi. Kipanga ni wa kule juu. Wanyama wa chini ni viumbe anaowatunza, na sioni sababu ya mungu kumtoa mnyama wake mwenyewe apigwe mishale.

Swali: Tsun analinda daraja la mifupa ya nyangumi kule Sovngarde. Kwa nini basi nyangumi apewe nduguye Stuhn? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Hapa ndipo mgawo uliozoeleka unapoyumba. Wanaoutetea husema kwamba Tsun ni mungu wa majaribu na kukabili shida, aliyekufa akimtetea Shor, na dubu ni mnyama asiyerudi nyuma anaposhambuliwa. Stuhn naye alikuwa askari mwenye ngao wa Shor aliyewafundisha wanadamu faida ya kuwachukua mateka badala ya kuwaua, na nguvu kubwa inayojizuia inafanana na nyangumi. Hoja hizo si mbaya, lakini zote mbili zimejengwa juu ya tabia, ilhali daraja ni kitu kinachoonekana, kimewekwa na watunzi mahali pake, na anayesimama mbele yake ni Tsun mwenyewe. Ningelazimika kuchagua, ningempa Tsun nyangumi na kumwachia Stuhn dubu. Najua wengi hawatakubali, na wanaopinga wana haki ya kuuliza kwa nini mlinzi wa mlango amiliki ubao wa mlango.

Swali: Nimesikia kwamba mbweha wa Skyrim humwongoza mchezaji kwenye hazina, na kwamba huo ni ushahidi wa Shor. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Kwamba mbweha hukufikisha kwenye magofu na kambi ni kweli mara nyingi, lakini hakuna aliyemwagiza. Mwaka 2021 Joel Burgess, aliyewahi kuwa mmoja wa wabunifu wa mchezo huo, alieleza chanzo chake. Ardhi ya mchezo imegawanywa katika pembetatu zisizoonekana ambazo wanyama huzitumia kutafuta njia. Porini pembetatu ni chache na kubwa, na penye majengo na vitu vingi huwa nyingi na ndogo. Mbweha anapomkimbia mchezaji hapimi umbali kwa mita, hupima kwa idadi ya pembetatu, na kwa hiyo hukimbilia palipo na nyingi, ambapo ndipo penye hazina.

Shor anastahili mbweha kwa sababu nyingine. Ni mungu mwerevu wa hila, ambaye kwa mataifa mengine huitwa Lorkhan, aliyewashawishi au kuwahadaa miungu wenzake mpaka dunia ikaumbwa. Watunzi hawakupanga mbweha wao awe na tabia ya hila, na bado wachezaji wamemwamini na kumfuata miaka yote hii.

Swali: Talos ana mnyama gani? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Hana wa kwake. Alikuwa mwanadamu, Tiber Septim, na alihesabiwa miongoni mwa miungu muda mrefu baada ya dini ya wanyama kufifia. Jina la Ysmir, Joka la Kaskazini, analopewa na Wanord ni cheo tu.

Swali: Ninaandika mchezo wangu na nina miungu saba. Nianzie wapi kuwapa wanyama? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Anza na wanyama ambao mchezaji wako atakutana nao njiani, kwa sababu mungu ambaye mnyama wake haonekani popote husahaulika mapema. Kisha mpe kila mnyama kazi. Katika masimulizi ya Waskandinavia yaliyoandikwa Iceland karne ya 13, kunguru wawili wa Odin huruka kila siku duniani na kumletea habari, na mbuzi wawili wa Thor huvuta gari lake, huchinjwa na kuliwa usiku, kisha hufufuliwa asubuhi ikiwa mifupa yao haikuvunjwa. Hakuna anayehitaji kuelezwa mbuzi wale ni ishara ya nini. Ukishapata kazi hizo saba, zichonge kwenye milango, sarafu na ngao kabla hujaandika kitabu chochote cha kuzieleza.