Kununua hisa kabla majibu ya kisima cha gesi hayajatoka

Ndugu yangu, umeuliza kama uweke akiba yote kwenye hisa za hiyo kampuni inayochimba kisima cha gesi, sababu watu wamesambaza picha ya moto mkubwa kisimani na wanasema majibu ya majaribio yatakuwa safi sana. Nakuomba usiweke yote. Ule moto unaonyesha tu kwamba kuna gesi inatoka, basi, haukuambii itatoka mpaka lini.

Tangazo likija usikimbilie ile namba ya futi za ujazo milioni kadhaa kwa siku. Angalia tundu la kupitishia gesi walilifungua kwa ukubwa gani, presha ya juu ya kisima ilikuwa inashuka au imetulia, na walipima masaa mangapi, maana kisima kinaweza kutoa kwa kishindo masaa 6 halafu presha ikaporomoka kwa sababu mwamba umebana au hifadhi yenyewe ya gesi huko chini ni ndogo. Ndo maana wanakifungaga tena na kusubiri waone presha inarudi vipi, na mimi hapo ndo huwa natulia kusoma. Halafu, gesi imetoka na maji kiasi gani? Kabonidayoksaidi je?

Mimi niliwahi kununua kwa tetesi, majibu yakatoka mazuri kabisa, na bei bado ikashuka kwa vile wengi walishanunua mapema wakawa wanauza, halafu kampuni ikatoa hisa mpya kwa bei ya punguzo ili ipate hela ya kuchimba kingine. Iliniuma sana. Kwa hiyo cheki pia wamebakiza pesa kiasi gani benki.